Kibonyezo, Kadi na Ulimi wa Mwanafunzi

Miongoni mwa zana zinazosifiwa sana siku hizi katika ufundishaji wa vyuo vikuu ni kifaa kidogo cha mkononi ambacho mwanafunzi hukitumia kumjibu mwalimu pasipo kufungua kinywa. Mwalimu huuliza swali na kuweka majibu manne au matano ya kuchagua. Kila mwanafunzi hubonyeza herufi ya jibu analoliona kuwa sahihi. Chombo kilicho mezani kwa mwalimu huyapokea majibu yote, na papo hapo grafu huonekana ukutani ikionyesha wangapi wamechagua A, wangapi B na wangapi C. Penye simu za kutosha na intaneti ya kuaminika, simu hufanya kazi hiyo hiyo. Katika makala haya tutakiita kifaa hiki kibonyezo. Jina hilo twalitumia kwa haja ya leo tu. Mwenye jina bora na alilete.

Habari za kibonyezo zimeandikwa sana na walimu wa fizikia, wa biolojia na wa hisabati. Nia yetu hapa ni kukihakiki kwa jicho la mwalimu wa Kiswahili, tena mwalimu wa mahali maalumu: Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, mji wenye vyuo vikuu zaidi ya kimoja, ambamo kijana wa Ankole aliyeanza kusikia Kiswahili juzi huweza kukaa benchi moja na kijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale aliyekinyonya pamoja na maziwa ya mama. Mwalimu akiwapa wote wawili kibonyezo na kuwauliza swali moja la sarufi, mara nyingi yule wa kwanza ndiye atakayepata, na yule wa pili, ambaye lugha ni yake, ndiye atakayekosa. Jambo hilo latusumbua, na ndilo lililotutia kalamu mkononi.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kibonyezo si kitu kipya kama wauzaji wake wanavyopenda tuamini. Huko Marekani kumbi za mihadhara zenye swichi za kujibia kwenye viti zilikuwako tangu miaka ya 1960. Gharama ilikuwa kubwa na faida haikuonekana, kwani mwalimu aliendelea kuhutubu kama kawaida yake, akisimama mara moja moja ili wanafunzi wabonyeze. Kilichobadilisha mambo si umeme bali ni mbinu. Mwaka 1991 Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alianza kuukatiza mhadhara wake kwa swali moja fupi la maana. Kila mwanafunzi hulijibu peke yake kwanza. Kisha humgeukia jirani yake wakabishana. Kisha hujibu tena. Kitabu chake juu ya mbinu hiyo kilitoka mwaka 1997. Hapo mwanzoni, mojawapo ya njia alizotumia kupokea majibu ilikuwa ni kuinua mikono tu.

Mwaka 2008 Nathaniel Lasry, mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja cha Kanada, alitangaza matokeo ya kuwalinganisha wanafunzi waliotumia vibonyezo na wenzao waliotumia kadi za karatasi zenye herufi. Katika kujifunza kwao hakuona tofauti. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Michelle Smith na wenzake, walionyesha kwamba mabishano na jirani huwaongezea wanafunzi ufahamu hata pale ambapo hakuna hata mmoja katika kundi aliyekuwa na jibu sahihi tangu mwanzo. Basi mwalimu ambaye chuo chake hakina fedha za vibonyezo asijione ameachwa nyuma. Vipande vinne vya karatasi ya manila, kila kimoja na rangi yake na herufi yake, vyatosha. Mwanafunzi hukiweka kifuani kile alichokichagua, uso ukimwelekea mwalimu, na jirani asione. Sisi twatumia kadi, na maneno yetu yote yanayofuata juu ya kibonyezo yamepimwa kwa kadi.

Katika kitabu cha Mazur kuna kisa kimoja ambacho kwetu sisi kina uzito kuliko takwimu zake zote. Alipowapa wanafunzi wake mtihani wa maana za msingi za nguvu na mwendo, mmoja wao alimwuliza ajibuje: kama alivyofundishwa, ama kama anavyofikiri mwenyewe juu ya mambo hayo. Kwa mwalimu wa fizikia swali hilo ni dalili ya maradhi, maana mwanafunzi amebeba elimu mbili na moja ni ya makosa. Kwa mwalimu wa Kiswahili wa Mbarara swali hilo hilo lina sura nyingine kabisa. Mwanafunzi wa Nakivale akituuliza ajibu kama kitabu kisemavyo ama kama mama yake asemavyo, hatuwezi kumwambia kwamba mama yake amekosea kwa namna ile ile anavyokosea mtu adhaniye kwamba jiwe zito huanguka upesi kuliko jepesi.

Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikiwapokea watu waliokimbia Rwanda. Leo wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengineo, jumla yao zaidi ya laki moja, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wengi wao sokoni na kisimani. Kiswahili hicho hakikupikwa Unguja. Kimetoka Bukavu, Goma, Uvira na Bujumbura. Mzungumzaji wake husema batoto badala ya watoto, mayi badala ya maji, anapendaka mahali ambapo sisi huandika hupenda, na akitaka kukujulisha kazi yake husema niko mwalimu. Anayeziita namna hizi makosa hana budi kutueleza ni kwa nini makosa hayo yana utaratibu. Kiambishi -ka hakibandikwi ovyo mwishoni mwa kitenzi; kinabeba maana ya mazoea, ile ile tunayoibebesha hu-. Wala ba- si kitu cha ajabu katika nchi hii, ambamo Mnyankole huwaita watoto abaana.

Lahaja ya Unguja ilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kamati ya lugha ya nchi zetu ilipoundwa mwaka 1930, waliokaa mezani walikuwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo haikuwako. Hatusemi haya ili kuubomoa usanifu; kuufundisha ndiyo kazi yetu, na bila huo hata bulletini hii isingesomeka kutoka Mombasa hadi Mbarara. Twasema tu kwamba usanifu ni mapatano ya watu, si kanuni ya maumbile, na ya kwamba kibonyezo, kwa jinsi kilivyoundwa, hakijui tofauti ya mambo hayo mawili. Kwa kibonyezo kuna ufunguo mmoja. Waliobaki wamekosa.

Tutoe mfano. Mwalimu auliza: Sentensi iliyo sahihi ni ipi? A, Mama anapendaka chai. B, Mama hupenda chai. C, Mama anapendaga chai. Ufunguo ni B. Grafu ikishaonekana, kijana wa Nakivale aliyechagua A anajua jambo moja tu, kwamba yumo katika mlia mfupi. Huenda ameshajua pia kwamba kesho achague B, na kwamba kinywa chake ni bora kifungwe. Kijana wa Ankole aliyechagua B naye hakujifunza lolote, kwa sababu hu- aliikariri jana kutoka daftarini, na ukimpeleka sokoni hatathubutu kuitamka. Ile C, ambayo mtu aliyekaa Mwanza ameisikia mara nyingi, imewekwa pale kama mtego, haina mwenyewe darasani na hakuna atakayeitetea. Swali limejibiwa na darasa zima katika nusu dakika. Mwalimu aweza kujisifu kwamba kila mtu ameshiriki.

Sasa tuligeuze swali lile lile. Mwalimu asema: Sentensi hizi tatu zote husemwa na watu wa mahali fulani. Ni ipi ungeiandika katika barua ya kuomba kazi ya ualimu? Ufunguo ungali ni B, na usanifu haukupungukiwa na kitu. Lakini mabishano yakianza, yule aliyezoea A ana la kusema, maana mwenzake hajui -ka hiyo ni mdudu gani na hana budi kumwuliza. Mwenyeji wa lugha amekuwa mwalimu kwa dakika mbili. Kisha yule wa Ankole atamweleza hu-, kwamba haichukui kiambishi cha nafsi, jambo ambalo mzungumzaji wa -ka hulisahau mara kwa mara na kuandika nahupenda. Kila mmoja ana deni kwa mwenzake. Tofauti ya maswali haya mawili ni maneno machache, na hakuna kifaa duniani kitakachomwandikia mwalimu maneno hayo.

Mfano wa pili ulitutokea wenyewe, na twausimulia kwa kuwa ulitufundisha sisi zaidi ya wanafunzi. Tuliuliza: Mtoto mdogo anayependeza utamwitaje? A, kitoto. B, mtoto mdogo. C, katoto. Tulitarajia kadi za A kwa wale waliosoma sura ya udogo katika vitabu vyao, na kadi chache za C kutoka upande wa Nakivale. Kadi zilipoinuliwa, C ilitoka pande zote mbili za chumba. Wanafunzi wa Nakivale waliichagua kwa sababu ndivyo wanavyosema nyumbani. Wa Ankole waliichagua kwa sababu Kinyankole husema akaana, na masikio yao yakawaambia kwamba ka- ndiyo ya kudekeza. Hawakuwa wamepata kuwa upande mmoja katika swali lolote la Kiswahili tangu muhula uanze. Waliokuwa na A walijikuta wachache, ilhali kitabu kilikuwa pamoja nao.

Mabishano yaliyofuata hatutayaeleza yote. Mwanafunzi mmoja alisema kwamba kitoto kwao kina harufu ya dharau, kama kijitu. Mwingine akamjibu kwamba ka- nayo yaweza kudharau, inategemea sauti ya msemaji. Tulipoulizwa sisi jibu ni lipi, tulisema kweli: kwamba ki- ndiyo njia ya sarufi tunayoifundisha, na kwamba ka- imekwisha kuenea katika mazungumzo ya Waswahili wengi hata wasiokuwa wa Kongo. Kama tungekuwa tumewapa swali lile kwa kibonyezo chenye kuhesabu alama, darasa zima lingalipata sifuri kwa kuisikia lugha vizuri.

Hapo ndipo tunapoliona jema la kifaa hiki, nalo ni kubwa. Kila mwalimu wa nchi zetu aijua ile kwaya ya darasani. Mwalimu auliza, "Mmeelewa?" Darasa lajibu kwa sauti moja, "Ndiyo, mwalimu!" Katika ndiyo hiyo wamejificha wote wasioelewa. Na mwalimu akiuliza swali halisi, mikono mitatu huinuka, ile ile ya jana. Wakimya hawana sura moja. Yupo asiyejua. Yupo ajuaye ila anaionea haya lafudhi yake, na huyo mara nyingi ni mwenyeji wa Nakivale aliyekwisha kuchekwa. Yupo pia kijana wa Uganda ambaye wazee wake walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, enzi Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na nyumbani kwao lugha hii haijatoka bado katika magwanda. Kadi au kibonyezo huwapa wote hao nafasi ya kusema neno lao kabla hawajasikia la wenzao. Kwaya huvunjika.

Baadhi ya wenzetu hupenda kusema kwamba wazee wetu walikuwa na kibonyezo chao, yaani kitendawili. Hoja hiyo inapendeza masikioni, lakini hatukubaliani nayo. Mtegaji husema "Kitendawili!" na hadhira hujibu "Tega!", na kila mtu hualikwa, hilo ni kweli. Walakini anayefumbua ni yule mwepesi wa ulimi, naye akishafumbua, mchezo umekwisha kwa wote. Aliyekuwa angali akifikiri hatajua kamwe kama angelipata. Tena jibu la kitendawili limekwisha kuwekwa na jamii tangu zamani, na mgeni wa jamii hiyo, hata awe na akili namna gani, atatoa mji. Kitendawili kina uzuri wake, na kadi ina wake. Tusivichanganye kwa kuvitukuza.

Kuna jambo moja katika vibonyezo vya kununua ambalo kadi hazina, na sisi twaliona ni hasara ingawa wauzaji huliita faida. Kila kibonyezo kina namba, na namba hiyo huandikishwa kwa jina la mwanafunzi. Jirani hajui umejibu nini, lakini mwalimu anajua, na daftari lake halisahau. Mkazi wa Nakivale amezoea kuandikishwa. Mwaka 2018 wakimbizi wote wa Uganda walihakikiwa upya kwa alama za vidole na za macho, na chakula cha watu wengi hutegemea jina kuonekana katika orodha. Ukimpa mtu huyo kifaa chenye namba na kumwambia ajibu kwa uhuru, usishangae akijibu kwa hadhari. Kadi za manila hurudishwa katika bahasha mwisho wa kipindi, wala hakuna ajuaye baadaye nani aliinua ipi. Kwa sababu hiyo hatuzitolei alama.

Juu ya fasihi tutasema kwa ufupi. Shairi halijibiwi kwa herufi, na swali la kuchagua dhamira moja kati ya nne ni njia ya haraka ya kumchukiza mwanafunzi na ushairi. Hata hivyo tumeona kwamba darasa likipigwa kura kwanza, mathalani juu ya kama mhusika fulani alitenda haki ama alidhulumu, majadiliano huanza na moto, kwa kuwa kila mmoja amekwisha kujifunga upande. Kura ni mlango tu. Mwalimu wa lugha hasa asisahau kwamba kifaa kinachomwezesha mwanafunzi kujibu pasipo kufungua kinywa ni rafiki wa nusu, kwani sisi twataka kinywa kifunguke. Kipindi kilichoanza kwa kadi na kisiishie katika kusema ni kipindi cha fizikia.

Haya yote si mambo ya ufundi wa darasani pekee. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliazimia Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wa kuitimiza kazi hiyo watatoka wapi? Safari ya kutoka Nakivale hadi Mbarara si ndefu, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 imempa mkimbizi nafasi ya kusoma na ya kufanya kazi nchini. Huko wako vijana wanaoota ndoto kwa Kiswahili. Wakihitimu vyuo vyetu wakiwa wamejifunza kwanza kwamba Kiswahili chao ni mlia mfupi katika grafu, hawatakuja kukifundisha. Watatafuta kazi nyingine, na watoto wa Ankole watafundishwa hu- na mtu aliyeikariri.

Limebaki suala la mtihani, ambalo hatujalimaliza hata sisi wenyewe kwa wenyewe. Kwa sasa tumekubaliana kwamba swali lolote la kuchagua herufi, liwe la kadi au la karatasi, lisiulize lililo sahihi pasipo kutaja pahala pa matumizi: katika barua, gazetini, nyumbani, mbele ya hakimu. Wenzetu wawili wamekataa. Wanasema kwamba mwanafunzi aliyezoezwa hivyo atababaika mbele ya mtahini wa taifa, ambaye huuliza lililo sahihi na basi, na kwamba anayeumia hapo si mwalimu bali ni yule yule mtoto wa Nakivale tunayedai kumtetea. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatujapata jibu lake kamili. Tumewaomba waiandike wenyewe kwa toleo lijalo, pamoja na mifano ya maswali yao.